Mateka ni Amana, si Mawindo

Ndugu Muislamu, kuna neno limezoeleka vinywani mwa watu. Husemwa barazani baada ya sala ya Isha, husemwa garini, na husemwa hata na watu wa kanzu na kilemba ambao ilipasa wajue zaidi. Neno lenyewe ni kwamba vita ni vita, na adui akishashikwa hana haki yoyote; auawe upesi, wapungue. Twataka katika makala haya kulipinga neno hili, tena kulipinga kwa dalili wala si kwa ghadhabu, kwani ni neno la batili. Limekwisha kumwaga damu nyingi iliyoharamishwa, na sasa limefika mlangoni petu sisi watu wa Pwani.

Tutaanzia mbali na bahari, tuanzie Kongwa. Huenda msomaji wa Lamu, Mombasa, Tanga au Unguja akauliza: Kongwa kuna nini? Kongwa ni katika mkoa wa Dodoma, nchi ya Wagogo, nchi ya ukame, upepo na mibuyu. Waingereza walikwenda huko mwaka 1947 kulima karanga kwa matrekta, mvua ikawanyima, wakauacha mradi na majengo yake. Kisha mwaka 1964 serikali ya Tanzania ikawapa pahali hapo wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. Walikaa FRELIMO wa Msumbiji, na Samora Machel akiwafunza vijana wake hapo kabla ya vita vyao kuanza tarehe 25 Septemba 1964. Walikaa ANC wa Afrika Kusini, walikaa SWAPO wa Namibia, na wengineo. Wako waliokufa wakazikwa papo hapo, mbali na mama zao.

Watu hawa walidhulumiwa, na haki ya kupigana walikuwa nayo. Hilo hatulibishi. Na adui zao hawakujua huruma kwa mtu aliyeshikwa. Tarehe 16 Desemba 1972 askari wa Kireno waliingia Wiriyamu, huko Tete, wakawaua wanakijiji, wake kwa waume na watoto, waliokuwa mikononi mwao bila silaha. Tarehe 6 Aprili 1979 serikali ya makaburu ilimnyonga Solomon Mahlangu, kijana wa ANC, ikakataa kata kata kumhesabu kuwa ni askari aliyetekwa vitani. Jina lake likapewa skuli ya Mazimbu, Morogoro.

Basi ungedhania kuwa mtu aliyeonja uchungu huo hatamwonjesha mwenziwe. Tazama yaliyotokea.

Mwezi wa Agosti 1974 FRELIMO waliiteka kambi ya Wareno ya Omar, katika Cabo Delgado, na askari wake wakachukuliwa mateka. Hawakuuawa. Baada ya Mapatano ya Lusaka ya tarehe 7 Septemba mwaka huo walirejeshwa kwao, wakaonana na watoto wao. Huu ulikuwa uungwana, nasi twausifu. Lakini mwaka uliofuata, 1975, Nachingwea, juu ya ardhi ya Tanzania, waliletwa mateka wa namna nyingine: Waafrika wa Msumbiji wenyewe. Alikuwamo Uria Simango, aliyekuwa makamu wa rais wa FRELIMO zama za Eduardo Mondlane. Alikuwamo Joana Simeão, na Lázaro Nkavandame. Walisimamishwa mbele ya umati wakasomeshwa maungamo. Kisha wakapelekwa Msumbiji, na huko Niassa wakauawa bila ya hukumu ya mahakama, na mke wa Simango, Celina, naye akauawa. Miaka ikapita, watoto wakakua, wala kaburi la kuzuru hawakuonyeshwa.

Zingatia jambo hili, ewe msomaji. Mreno aliyekuja na bunduki kutoka ng'ambo amerudi kwake salama, na ndugu wa damu moja, aliyekwisha kuwa mikononi, hana silaha wala jeshi, ndiye aliyechimbiwa shimo. Na watu walipouliza, waliambiwa: hao walikuwa wasaliti.

Wala hawakuwa FRELIMO peke yao. ANC, mwezi wa Novemba 1980, kwa mkono wa Oliver Tambo, waliahidi Geneva mbele ya Msalaba Mwekundu kuwa watazifuata sheria za vita. Mwaka 1984 wapiganaji wao walioasi katika kambi ya Pango, Angola, saba katika wao walipigwa risasi baada ya hukumu ya haraka ya kijeshi. SWAPO waliwafungia watu wao wenyewe katika mashimo ya Lubango, wakiwatuhumu ujasusi. Wako waliorudi Namibia mwaka 1989, na wako ambao hawakuonekana tena. Tofauti ni kuwa ANC waliunda tume mwaka 1992 na nyingine mwaka 1993, zikachunguza na ripoti zikatolewa hadharani. Mwenye kukiri amekaribia toba. Mwenye kunyamaza, dhambi yake ingali shingoni.

Sasa tuitazame sheria yetu. Mwenyezi Mungu katika Surat Muhammad, aya ya 4, ametaja mambo mawili juu ya mateka baada ya kufungwa: ama kuachwa huru kwa hisani, ama kukombolewa kwa fidia. Na katika Surat al-Insaan, aya ya 8, amewasifu watu wema kuwa humlisha maskini, yatima na mfungwa, na hali chakula chenyewe wanakipenda. Mfungwa aliyekuwako Madina wakati huo alikuwa mshirikina aliyekuja kuwaua. Mungu amemweka pamoja na yatima. Je, yatima huuawa?

Baada ya Badr Waislamu walikuwa na mateka 70. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliusia watendewe wema. Abu Aziz bin Umayr, ndugu yake Mus'ab, alikuwa katika mateka hao, naye amesimulia kuwa Ansari waliomshika walimpa mkate wao, wao wakala tende. Mwenye mali alijikomboa kwa mali, na asiye na mali ila ajua kuandika, fidia yake ilikuwa kuwafundisha watoto kumi. Umar alitaka kumng'oa meno Suhayl bin Amr ili asiweze tena kuwatukana Waislamu kwa hotuba zake. Mtume alikataza. Na Suhayl huyo huyo ndiye, baada ya kufa Mtume, aliyesimama Makka akawathibitisha watu katika dini walipotaka kutetereka. Lau angaliuawa au kukatwa kiungo, ni nani angalisema maneno yale siku ile?

Na kisa kilicho wazi kuliko vyote ni cha Bani Jadhima, mwaka wa 8 wa Hijra. Khalid bin al-Walid aliwashika, kisha akaamrisha kila mtu amuue mateka wake. Ibn Umar alikataa, akaapa kuwa hamuui mateka wake wala mwenziwe yeyote hamuui wake. Habari ilipomfikia Mtume aliinua mikono yake, akajitenga mbele ya Mola wake na kitendo cha Khalid, mara mbili. Akampeleka Ali kulipa dia za waliouawa na kila kilichoharibiwa, mpaka chombo cha kunyweshea mbwa. Khalid hakuwa mtu mdogo. Lakini ukubwa wake haukuifanya haramu kuwa halali. Na amri ya mkubwa haikumlazimu Ibn Umar kutenda dhambi. Yeyote avaaye sare ya jeshi na akaikariri kauli ya kuwa ameamrishwa tu, na akisome kisa hiki.

Huenda mtu akasema: mbona baada ya Badr waliuawa Uqba bin Abi Mu'ayt na Nadhr bin al-Harith? Na mbona wanaume wa Bani Quraydha waliuawa? Jawabu yake ni kuwa Uqba na Nadhr walihukumiwa kwa makosa yao wenyewe yaliyojulikana, na Mtume ndiye aliyehukumu. Wenzao waliobaki wakasalimika. Ama Bani Quraydha, walivunja mkataba wakati wa vita, wakakubali hukumu ya Saad bin Muadh, naye akahukumu. Haya yote ni hukumu ya mwenye mamlaka baada ya kosa kujulikana. Hakuna ndani yake ruhusa ya kamanda porini kuwapanga watu ukingoni mwa shimo.

Kweli, katika madhehebu yetu ya Shafi imeandikwa kuwa kiongozi wa Waislamu ana hiari juu ya mateka wa vita, na kuua ni mojawapo. Hatulifichi hilo. Lakini wanavyuoni wamesema hiari hiyo ni ya kutafuta maslaha, si ya kuponya hasira. Na mtu wa chini akimuua mateka kabla ya kiongozi kuamua, huyo atiwe adabu. Hasan al-Basri na Ataa wao wamekataza kumuua mateka kabisa. Na leo serikali zote zetu zimetia mkono Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, isemayo kuwa mateka asiuawe, na kuwa hata katika vita vya ndani ya nchi mtu asiuawe ila kwa hukumu ya mahakama halali. Nasi tumeamrishwa mwanzo wa Surat al-Maida kutimiza ahadi. Basi hiari ile imekwisha kufungwa kwa ahadi, na mwenye kuivunja amevunja sheria mbili.

Ama hoja ya usaliti, hiyo ndiyo dhaifu zaidi. Waasi ni Waislamu wanaompiga kiongozi wao kwa silaha, na hakuna usaliti mkubwa kuliko huo. Basi Ali alifanyaje siku ya Jamal? Aliamrisha anayekimbia asifuatwe, majeruhi asimalizwe, na mateka asiuawe. Na hivyo ndivyo Mashafi walivyoandika katika mlango wa waasi. Msaliti ana kadhi wake. Umshitaki, umpe nafasi ya kujitetea, uite mashahidi. Ukiogopa kumpeleka mbele ya kadhi, basi unalolijua moyoni ni kwamba ushahidi huna.

Na mwenye kusema: wao wanawaua wetu, kwa nini tusiwaue wao? Tumwambie kuwa Mungu ametukataza, katika Surat al-Maida, chuki ya watu isitutoe katika uadilifu. Tena tumkumbushe habari ya hapa kwetu. Mwaka 1888 Abushiri bin Salim alipowapiga Wajarumani katika mrima, aliwashika Hans Meyer na Oscar Baumann, akawaachilia kwa fidia. Damu ya wamishionari wa Pugu iliyomwagwa Januari 1889 hatuitetei. Lakini lile la fidia lilikuwa ndani ya mpaka wa aya. Wajarumani walipomshika yeye walimnyonga Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Miaka zaidi ya mia imepita: nani katika wawili hao asomwa kwa heshima katika jambo la mateka?

Twaja sasa mlangoni petu. Tangu Oktoba 2017, katika Cabo Delgado ile ile waliyoikomboa vijana wa Kongwa, limezuka kundi la watu wanaokata vichwa vya waliofungwa mikono, nao wakitaja jina la Mungu. Oktoba 2020 walivuka mto Ruvuma wakaingia kijiji cha Kitaya, Mtwara. Garissa, tarehe 2 Aprili 2015, al-Shabaab waliwaua watu 148, wengi wao wanafunzi waliokuwa wamelazwa chini, hawana la kufanya. Na Muislamu akitengwa na Mkristo kana kwamba damu ya mtu aliyejisalimisha huhalalishwa kwa jina lake. Watu hawa wanasema Kiswahili chetu, na wako katika wao watoto wa Pwani. Wamesoma aya ipi? Aya ya mateka ina mambo mawili, na kisu hakimo.

Na upande wa pili tusiufumbie macho. Septemba 2020 ilienea picha ya wanaume wenye sare za jeshi la Msumbiji wakimwua mwanamke aliye uchi, barabarani, kwa risasi nyingi. Serikali ilikana kuwa ni askari wake. Wawe nani wawao, kitendo ni kile kile. Dhulma haibadiliki kwa kubadili sare.

Ewe baba, na ewe mama, picha hizi zimo katika simu za watoto wenu. Huonyeshana, na wako wanaozishangilia, huyu akishangilia kuchinjwa kwa askari, na yule kupigwa risasi kwa kijana aliyefungwa kitambaa machoni. Mwenye kuridhia kitendo ana fungu lake ndani yake. Usinyamaze ukasema ni mchezo wa vijana. Mwite mwanao, umsomeshe kisa cha Bani Jadhima kama unavyomsomesha kutia udhu. Mwambie kuwa shujaa wa siku ile alikuwa Ibn Umar, aliyeambiwa ua akasema siui. Na walimu wa vyuo, tusiishie kuwahadithia watoto habari za panga zilivyopigwa Badr. Tuwahadithie na ule mkate uliotolewa jioni yake.

Mateka ni mtu aliyekwisha kushindwa. Mungu amemtia mkononi mwako akutazame wewe, si yeye. Mwenyezi Mungu atuepushe na damu isiyo haki, awarehemu waliozikwa Kongwa na waliouawa bila kaburi kujulikana, na atujaalie kuwa waadilifu kwa tunaowapenda na tunaowachukia. Amin.