Rangi Mpya, Rimu Mpya, Mlango wa Nyuma Kashika Dogo wa Gereji

Wikiendi hizi ukifungua Instagram hukosi kuiona. Range Rover ya kizamani, ile ya boksi, imepigwa rangi ya kijani iliyokolea, imeegeshwa Coco Beach jioni jioni. Mlango wa nyuma wa chini umelazwa, staa kaukalia, miguu inaning'inia, pamba za bei mbaya. Mlango wa juu, ule wenye kioo, umesimama juu ya kichwa chake kama mwavuli. Laiki zinamiminika, mashabiki wanaandika “bosi” na moto wa kutosha.

Ambacho picha haionyeshi ni dogo wa gereji aliyesimama pembeni, mkono juu, ameushika ule mlango usishuke. Robo saa, nusu saa. Akibadilisha mkono, mpiga picha anamfokea eti anatikisa gari. Siku ambayo dogo hayupo, linawekwa gongo la fagio, halafu linafutwa kwenye kompyuta kabla picha haijapanda.

Hii ndo inaitwa maisha ya kistaa mjini.

Gari yenyewe si ya kubeza. Iliingia sokoni Uingereza mwaka 1970 na ikatengenezwa hadi 1996. Mlango wa nyuma umekatwa vipande viwili: cha chini kinalala kama benchi, cha juu kinainuka. Ndiyo maana kila mtu anataka kukaa pale. Lakini kile cha juu ni chuma na kioo, kina uzito wake, na hakikuumbwa kushikwa na mtoto wa mtu. Kinashikwa na shokapu mbili nyembamba za gesi, moja kila upande.

Ndani ya shokapu hiyo kuna naitrojeni iliyoshindiliwa kwa presha kubwa, mafuta kidogo, na fimbo ya chuma inayotoka na kuingia. Sili ya mpira ndiyo inazuia gesi isitoke. Miaka ikienda sili inachoka na gesi inavuja kidogo kidogo. Hakuna anayesikia, hakuna taa inayowaka kwenye dashibodi. Mwenye gari anagundua siku mlango umemshukia mtu.

Na kuna mtego mwingine. Presha ya gesi inapanda na joto na kushuka na baridi. Saa saba mchana Dar, gari imechemka juani, mlango unakaa vizuri, na bosi anaapa kwamba shokapu zake nzima. Apeleke gari hiyo hiyo Lushoto, aufungue mlango alfajiri ya baridi, aone. Utaanza kushuka taratibu, kisha utakuja wote kwa mkupuo.

Kuna msanii mmoja, jina lake mjini linajulikana, gari yake imepita kwenye video mbili. Dogo aliyekuwa anamshikia mlango alibanwa vidole. Akapewa elfu ishirini ya dawa na kuambiwa awe makini. Picha ilipanda jioni ile ile. Vidole havikutajwa. Yaani gari ikikwaruzwa rangi ni msiba, mkono wa fundi ukichanika ni “pole, ndo kazi”.

Utetezi wao unajulikana. Wa kwanza: “Gari ya zamani ina mambo yake, ndo raha yake.” Sawa. Harufu ya viti vya zamani ni raha. Mngurumo wa injini ni raha. Mlango wa chuma unaoning'inia juu ya shingo ya mtu si raha, ni uzembe uliopigwa polishi.

Wa pili: “Spea hazipatikani.” Huu ni uongo wa kivivu. Shokapu za gesi hutafutwa kwa urefu wake zikiwa zimefunguka na zikiwa zimefunga, kwa aina ya vichwa vyake, na kwa nguvu yake, ambayo mara nyingi imeandikwa ubavuni kwa nyutoni. Ng'oa ya zamani, ipime, nenda nayo dukani Gerezani au agiza mtandaoni. Mtu aliyeweza kuagiza rimu nne kutoka nje hawezi kushindwa na bomba mbili zinazoingia kwenye begi la mgongoni.

Wengine wanakimbilia kujaziwa gesi mtaani. Sili imechoka, unajaza ya nini? Itavuja tena. Na kutoboa au kuchomelea chombo chenye presha kama ile ni kutafuta msiba. Kingine: wapo wanaochukua shokapu kali kuliko inayotakiwa ili mlango uruke juu kwa mbwembwe. Fremu ya mlango wa juu kwenye gari hizi inapenda kuliwa na kutu. Ukiisukuma kwa nguvu isiyo yake, inapinda, na kioo kiko hapo hapo.

Kazi yenyewe haimalizi hata albamu moja ya huyo msanii. Mlango unategemezwa kwanza kwa mti imara, na mtu wa pili awepo. Klipu ya kichwa inalegezwa kwa bisibisi ndogo, shokapu ya zamani inachomolewa, mpya inabanwa mahali pake. Kwa kawaida fimbo inaelekea chini mlango ukiwa umefungwa, ili yale mafuta ya ndani yalowanishe sili. Fimbo isibanwe na koleo, maana mkwaruzo mmoja unakula sili mpya. Na zinabadilishwa zote mbili, si moja. Ukifunga moja mpya na moja iliyokufa, mlango unavutwa upande mmoja.

Utetezi wa tatu ndio mbaya kuliko yote, na huwa hausemwi kwa sauti: “Dogo si yupo?” Hapo ndipo penye kidonda. Shokapu hazibadilishwi kwa sababu mkono wa dogo ni rahisi kuliko shokapu. Haulipiwi ushuru, hauna risiti, ukiumia unapewa nauli. Pesa ipo, imeonekana kwenye rangi, kwenye viti, kwenye sherehe ya kuzindua gari kama vile mtoto kazaliwa. Haikufika kwenye kitu pekee kinachozuia chuma kisiangukie kichwa cha mtu, kwa kuwa kitu hicho hakionekani kwenye picha.

Na watoto je? Picha hizi zinaigwa. Baba mwenye gari kuukuu anawapanga wanawe watatu pale nyuma siku ya bethidei, mlango juu umeshikwa na gongo. Mtoto akilipiga teke kwa kucheza, nani atajibu?

Staa anayetaka heshima ya gari ya kizamani aanzie hapo nyuma. Afungue mlango wa juu asubuhi na mapema, aachie mkono, asubiri dakika tano. Ukikaa, apige picha mpaka usiku. Ukishuka, simu iwekwe chini na shokapu zitafutwe.

Na yule dogo aambiwe ashushe mkono, aje akae kwenye picha.

Mdau, kwenye gari ya kwenu mlango umeshikwa na nini? Tupia komenti hapo chini.