Lukasa Ni Ramani, Acheni Kuichoma

Kwenye mahubiri, darasani, hata kwenye soga za bandarini hapa Kalemie, kuna jambo linalosemwa kana kwamba halihitaji ushahidi: mababu zetu hawakuwa na ramani wala maandishi, walikuwa na fetishi tu. Ubao uliopigwa shanga ukikutwa nyumbani kwa mzee aliyefariki, huitwa kitu cha giza. Hutolewa uani, humwagiwa petroli, watu wakaimba mpaka uteketee. Naipinga imani hiyo nzima nzima, na naipinga kwa uchungu zaidi kwa kuwa wanaoishika ni watu wema, wanaoamini kwamba wanaokoa watoto wao.

Ubao huo ni lukasa. Ni kazi ya Baluba, ambao nchi yao inashika magharibi ya jimbo letu, Kabalo, Kongolo na Manono, na kuendelea hadi Kabongo na Kamina. Ni kipande cha mbao cha kushikika mkononi, kipana juu na chini, chembamba kiunoni, mgongo wake umetuna kama gamba la kobe. Upande wa ndani umepandwa shanga na vipande vya kombe, na penginepo pamechongwa vinundu na mistari. Msomaji huushika kwa mkono wa kushoto, kisha kidole cha shahada cha mkono wa kulia kinatembea juu yake polepole. Kikifika kwenye ushanga mkubwa uliozungukwa na shanga ndogo, anamtaja mfalme na watu wa baraza lake. Kikifuata msururu wa shanga, anasimulia safari: jinsi Mbidi Kiluwe, mwindaji aliyetoka mashariki, alivyoingia katika nchi ya Nkongolo Mwamba; jinsi Kalala Ilunga, mwanawe, alivyotegewa shimo lenye mikuki chini ya uwanja wa ngoma akaponea chupuchupu; jinsi alivyorudi na jeshi la upande wa baba yake akasimamisha ufalme mpya.

Waliojua kuusoma walikuwa wa chama cha Mbudye, na mabingwa wao waliitwa bana balute, watu wa kumbukumbu. Elimu hiyo haikupatikana kwa siku moja. Mtu alipanda daraja kwa daraja, akifundishwa, akisahihishwa, na aliyebaki chini hakuonyeshwa ya juu. Ubao uleule uliweza kusomwa kama mpango wa mji wa kifalme, kama orodha ya ukoo, kama sheria za chama, au kama njia zinazounganisha mahali patakatifu pa nchi. Msomaji alichagua kulingana na wanaomsikiliza na shauri lililowakutanisha. Niambieni, chombo kinachohifadhi miji, njia, majina na mfuatano wa safari, na kinachohitaji msomaji aliyefundishwa, tukiite nini kama si ramani?

Sasa nitawageukia Wayahudi, kwa sababu wengi wanaochoma lukasa huwastahi Wayahudi kuliko mababu zao wenyewe. Nyota ya Daudi ipo kwenye kitambaa cha madhabahu, ipo kwenye kioo cha teksi, ipo kwenye fulana za kwaya. Sina ugomvi na heshima hiyo. Ninachoomba ni kwamba wanaoitoa wautazame mchoro mashuhuri kuliko yote katika elimu ya siri ya Kiyahudi, ile inayoitwa Kabala. Unaitwa mti, lakini ukiutazama huoni matawi wala majani. Unaona duara kumi, zinazoitwa sefirot, na mistari inayoziunganisha. Juu kabisa ni Keter, yaani taji. Chini kabisa ni Malkhut, yaani ufalme, mahali tulipo sisi na dunia yetu. Upande wa kulia kuna Hesed, wema usio na mpaka. Upande wa kushoto kuna Gevurah, ukali wa hukumu. Na Tiferet iko katikati, inazipatanisha. Njia ni 22, sawa na idadi ya herufi za Kiebrania. Hesabu hiyo ya kumi na 22 inatoka katika kitabu cha kale kiitwacho Sefer Yetzirah, na mafundisho yalipanuka sana baada ya kitabu cha Zohar kutokea Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Mwaka 1516, katika mji wa Augsburg, kilichapishwa kitabu ambacho jalada lake lina picha ya mtu aliyeketi, ameushika mti huo mkononi. Kila ninapoiona picha hiyo nawakumbuka bana balute: mtu ameketi, ameshika mchoro wa ulimwengu, yuko tayari kuusoma.

Siku hizi wako wachoraji waliouchora mti huo upya kama ramani ya treni za mjini. Sefirot zimekuwa stesheni, njia zimepewa rangi kama reli, Malkhut imekuwa kituo cha kupandia na Keter mwisho wa safari. Wapo wanaoona hilo ni mchezo, na wapo wanaoliona ni utovu wa heshima. Mimi naona wachoraji hao wamegundua kitu cha kweli. Mti wa Kabala ulikuwa ramani ya njia tangu mwanzo. Haukuambii umbali kutoka taji mpaka ufalme ni kilomita ngapi. Unakuambia nini kinafuata nini, wapi njia zinakutana, na kwamba huwezi kuruka kituo. Anayeswali au kutafakari kwa mti huo anapanda hatua kwa hatua, na baraka nazo zinashuka kwa njia hizohizo.

Ramani za treni zenyewe zilichelewa kulielewa hilo. London walikuwa wakichora reli zao za chini ya ardhi juu ya ramani ya kawaida ya mji, mistari ikipinda kila reli ilipopinda, stesheni za katikati zikisongamana hata hazisomeki. Mwaka 1931 mchoraji wa michoro ya umeme, Harry Beck, alichora upya kila kitu kwa mistari iliyonyooka, stesheni zikiachana kwa nafasi karibu sawa, umbali halisi akiuweka kando. Wakubwa waliukataa kwanza mchoro wake kwa kuwa ulikuwa mgeni mno machoni pao. Ulipochapishwa Januari 1933 abiria waliukumbatia, na leo miji mingi duniani inafuata mtindo wake. Beck alitambua kwamba msafiri hasumbuliwi na pembe wala umbali. Anataka kujua vituo na maungano.

Sisi wa Kalemie hatukupaswa kuhitaji London itufundishe. Reli ilifika hapa mwaka 1915, mji ukiitwa Albertville, kilomita 273 kutoka Kabalo, ikifuata upande wa mto Lukuga unaotoa maji ya ziwa kuyapeleka Lualaba. Muulize mama anayepeleka magunia ya dagaa bara njia ikoje. Atakuhesabia kwa vidole: Niemba, Nyunzu, Kabalo. Hapo Kabalo atanyamaza kidogo, kwa kuwa ndipo njia inapogawanyika, huku Kongolo na Kindu, kule Kamina na miji ya kusini. Atakwambia wapi treni hulala, wapi kuna maji, wapi ulinde mzigo wako. Hatataja kilomita hata moja. Kichwani mwake mna vituo, mna maungano, na kila kituo kimebeba habari yake. Lukasa imejengwa kwa akili hiyohiyo, isipokuwa yenyewe imeshikwa kwenye mbao na shanga ili isipotee mtu akifa.

Najua jibu ninaloandaliwa. Nitaambiwa: lukasa haikuwa ramani tupu, ilikuwa na mambo ya mizimu, iliwekwa wakfu, waliojiunga na Mbudye walipitia ibada. Ni kweli, na sitaficha. Lakini Kabala nayo je? Ina majina ya malaika, ina hirizi za kuvaa, ina mafundisho ambayo viongozi wa Kiyahudi wenyewe waliyawekea ua. Mwaka 1756 marabi waliokutana Brody, mji ambao leo uko Ukraine, waliwakataza walio chini ya miaka 30 kusoma Zohar, na kwa mafundisho ya mwalimu wa Kabala, Isaac Luria wa Safed, wakataka mtu awe ametimiza 40. Waliogopa vijana kupotoshwa, na walikuwa na sababu, maana karne moja kabla yake Sabbatai Zevi alijitangaza kuwa Masiya na kuwavuta maelfu kwa mafundisho hayohayo ya siri. Hata hivyo mti wa sefirot uliendelea kuchorwa na kufundishwa. Elimu iliwekewa mlango na umri, ikabaki.

Karne ya 20 akatokea Gershom Scholem, mzaliwa wa Berlin, 1897, aliyehamia Jerusalem na kufundisha katika Chuo Kikuu cha Kiebrania. Wasomi wengi wa Kiyahudi wa Ulaya kabla yake waliidharau Kabala, wakiiona ushirikina wa kuaibisha mbele ya watu walioelimika. Scholem alikusanya vitabu na miswada, akaisoma kama mwanahistoria, akaonyesha kwamba pale palipodharauliwa palikuwa na fikra nzito za karne nyingi. Maktaba yake iko leo Maktaba ya Taifa, Jerusalem. Hakulazimika kuabudu mti ili auheshimu. Mkristo wa Kalemie naye halazimiki kuabudu lukasa ili aitoe kwenye moto.

Imani hii ya kwamba ubao ni kitu cha giza ina upande mwingine, nao ni mbovu vilevile. Kijana yuleyule anayekimbia shanga za babu yake analipa pesa kupata karatasi ya fotokopi yenye herufi za Kiebrania na nyota, ameambiwa alale nayo chini ya mto ili dhahabu imwendee. Akisikia mtu fulani ametajirika, atakuambia ana alama. Huyu anayechoma na huyu anayenunua wanasadiki jambo moja, kwamba nguvu imo ndani ya mchoro. Mchoro hauna nguvu hiyo. Mti wa Kabala mbele ya asiyejua Kiebrania wala mafundisho yake ni duara kumi na mistari. Lukasa mbele ya asiyefundishwa ni ubao wenye shanga. Uwezo wote uko kwa msomaji na kwa waliomfundisha, ndiyo maana msomaji akifariki hajafundisha, hasara haifidiki kwa kuwa na ubao.

Tena tujiulize imani hii ya kuchoma tulifundishwa na nani. Mwaka 1883 Mbelgiji Émile Storms alijenga boma Mpala, kusini yetu kwenye pwani ya ziwa. Desemba 1884 watu wake walimshambulia chifu Lusinga wa Batabwa, wakamuua, wakamkata kichwa. Fuvu lilipelekwa Ubelgiji, na pamoja nalo sanamu ya ukoo wake. Vitu vilivyoitwa fetishi vilipokuwa kwa mwenyewe vilisafirishwa kwa uangalifu mkubwa, vikapambwa nyumbani kwa Storms, na hatimaye vikaingia makumbusho ya Tervuren. Kama vilikuwa takataka za shetani, mbona vilihifadhiwa hivyo? Waliovichukua walijua thamani yake, na hukumu ya kuvichoma wakatuachia sisi. Tumeitekeleza kwa bidii ambayo hata wao hawakuwa nayo.

Matokeo yake tunayaona. Anayetaka kuitazama lukasa kwa macho yake akate tiketi aende Brooklyn, New York, kwenye jumba la makumbusho. Anayetaka kujua inavyosomwa atakutana na makala ya Thomas Reefe ya mwaka 1977, au kitabu kikubwa cha Mary Nooter Roberts na Allen Roberts kilichotoka New York mwaka 1996, vyote kwa Kiingereza. Nawashukuru watu hao, maana waliketi na wazee wa Baluba wakawasikiliza, jambo ambalo sisi tulio jirani tulilikataa. Lakini mtoto wa Kabalo anayesoma jiografia shuleni anafundishwa kwamba ramani ililetwa na Mzungu, na hana kitabu hata kimoja cha Kiswahili cha kumwonyesha vinginevyo.

Kwa hiyo nawaambia wachungaji, na nawaambia kwa heshima kwa kuwa watu huwasikiliza ninyi kabla ya kuisikiliza serikali: siku familia itakapowaletea ubao wa shanga, ulizeni kwanza nani ameuacha, na nani katika ukoo aliwahi kumsikia akiusoma. Mwiteni mtu mwenye simu arekodi anachokumbuka mjane, hata kama ni majina matatu na wimbo nusu. Kisha ubao ufungwe kitambaa, upelekwe mahali pakavu. Na walimu wa jiografia, mnapofundisha ramani darasa la kwanza la sekondari, anzeni na reli ya hapa kama anavyoisimulia mama wa dagaa, wapeni wanafunzi waichore kwa vituo na mistari, halafu wekeni picha ya lukasa kando ya mchoro wao na muwaulize ushanga upi ni Kabalo.