Sauti Zilizomo Sandukuni



Katika nyumba nyingi za pwani yetu lipo sanduku, au mkebe wa biskuti, lililojaa kanda za kaseti. Mna darsa za Ramadhani, mna kasida za maulidi, mna nyimbo za harusi zilizorekodiwa upande wa wanawake, na mna barua za sauti walizotumiana mke na mume aliyekwenda Ghuba kutafuta riziki, kabla simu hazijaenea majumbani. Kanda hizo zinaharibika. Joto na unyevu wa bahari huzitia ukungu, na utepe wake hushikana.

Sisi wenyewe tulichelewa. Tulipoitia barua ya marehemu baba katika redio kuukuu, redio iliitafuna utepe mbele ya macho yetu, tukaokoa nusu ya upande mmoja tu. Barua ya mama, aliyomrekodia baba kumjibu, bado ilikuwa nzima. Hiyo tuliifanyia kazi kwa hadhari.

Wapo wanaopeleka kanda dukani wakahamishiwe kwenye sidii. Kwa darsa hatuoni ubaya. Lakini kanda ya harusi, au maneno ya mke kwa mumewe, ni amana ya nyumba. Kina mama wale waliimba wakijua wako peke yao. Hawakumpa idhini kijana wa dukani awasikilize, sembuse abaki na nakala. Kompyuta ya nyumbani yatosha, na mabinti zetu waijua kuliko sisi. Kanda za wanawake na wazihamishe wao, spika zimezimwa, mmoja akisikiliza kwa hedifoni.

Kwanza pelekeni kanda mbele hadi mwisho, kisha irudisheni, ili utepe ulegee. Kipanguseni kichwa cha redio kwa pamba yenye spiriti kidogo. Vunjeni vile vijipande viwili vya plastiki vilivyo mgongoni mwa kanda, asije mtu akabonyeza kitufe cha kurekodi akaifuta sauti ya marehemu. Halafu waya mmoja utoke katika tundu la hedifoni la redio, uingie katika tundu la buluu la kompyuta, si lile la waridi, ambalo ni la maikrofoni. Hapo tulikosea mara ya kwanza, na mama akasikika kama anayesema ndani ya debe.

Programu iitwayo Audacity hupatikana bure. Sauti isifike kwenye alama nyekundu, kwani iliyopasuka wakati wa kurekodiwa haitengenezeki vizuri baadaye. Wala hakuna njia ya mkato: kanda ya dakika 90 huchukua dakika 90. Sidii ya kawaida hubeba dakika 80, basi kanda hiyo yataka sidii mbili, kila upande na yake.

Programu hiyo pia huweza kupunguza mvumo. Itumieni kwa uchache. Nyuma ya maneno ya mama husikika kinu kikitwangwa, na jirani akipiga hodi. Kijana wetu alitaka kuyaondoa hayo yote ili, kwa kauli yake, bibi asikike safi. Tulimkataza. Nyumba ile imekwisha kuvunjwa, na yule jirani ametangulia mbele ya haki. Hodi yake haipo pengine popote ila humo.

Sidii nazo hazidumu milele, khasa zikiachwa juani. Chomeni nakala mbili, na moja ikae kwa ndugu wa nyumba nyingine. Andikeni juu yake kwa kalamu laini ya wino jina la msemaji, mwaka na shughuli yenyewe. Ulizeni majina hayo sasa, wangali hai wanaozitambua sauti. Na kanda yenyewe msiitupe, irudisheni sandukuni.