Pengo Lisilozibika: Nani Kasema?

Kila Desemba ikielekea ukingoni, magazeti na redio zetu hutoa orodha ya "tuliowapoteza mwaka huu". Nimefanya kazi ya habari miaka ya kutosha kujua orodha hizo zinavyopikwa: jina, cheo, tarehe ya kufa, kisha kibwagizo kilekile, "ameacha pengo lisilozibika". Nakichukia kibwagizo hicho. Hebu tuuchukue mwaka 2020 kama mfano.

Mwaka ule tuliondokewa na watu wa kila fani. Januari 9 alifariki Euphrase Kezilahabi. Kabla mwezi haujaisha, helikopta ikaanguka California na Kobe Bryant akafa. Februari 4 akaondoka Daniel arap Moi. Machi, corona ikamchukua Manu Dibango, mpiga saksafoni wa Kameruni. Aprili 10 Ken Walibora akagongwa na matatu jijini Nairobi. Julai akafuata Benjamin Mkapa, Novemba Diego Maradona. Wote, tukiziamini orodha, waliacha pengo. Tena lisilozibika.

Wote kwa kipimo kimoja? Moi alitawala Kenya miaka 24. Mwaka 1982 serikali yake ilimtia kizuizini Alamin Mazrui, mwandishi wa tamthilia ya Kilio cha Haki, bila kumfikisha mahakamani. Anayemwandikia Moi tanzia halafu akaliruka hilo, anamlilia nani hasa? Mkapa naye alikiri katika tawasifu yake ya mwaka 2019 kwamba mauaji ya waandamanaji Zanzibar, Januari 2001, yaliuachia uongozi wake doa. Mwenye doa kalionyesha mwenyewe. Sisi waombolezaji tunalifunika la nini? Wafu wanastahili heshima, sawa. Lakini kuwaficha si kuwaheshimu.

Wanaoumia zaidi na kibwagizo hiki ni waandishi. Maradona hatapiga tena mpira, hilo ni kweli. Kezilahabi je? Rosa Mistika ya mwaka 1971, riwaya iliyowahi kupigwa marufuku mashuleni, ipo. Kichwamaji ipo. Nagona na Mzingile zipo, bado zinawatoa jasho wasomaji. Mwaka 1974 alitoa diwani ya Kichomi, mashairi yasiyofuata vina wala mizani, na wanamapokeo wakaja juu: hayo si mashairi! Ugomvi ule haujaisha mpaka leo. Mtu aliyeacha ugomvi ulio hai hivyo kaacha pengo gani? Kaacha kazi, na kazi yenyewe ni yetu.

Walibora hali kadhalika. Katika Siku Njema, Mkenya huyu aliianzisha hadithi yake Tanga akaipeleka hadi Kitale, kana kwamba mpaka ule ni ua wa jirani tu. Wanafunzi wengi wa Kenya waliisoma kwa ajili ya mtihani. Mtihani ulipokwisha, wangapi waliifungua tena? Na huku Tanzania, ilikoanzia hadithi yenyewe, wangapi wamewahi kuishika?

Ndiyo maana nasema "pengo lisilozibika" ni kauli ya uvivu. Ukishatamka kwamba pengo halizibiki, umejipa ruhusa ya kutolishughulikia. Hutafuti kitabu, humuulizi mchapishaji kwa nini hakipo dukani, humsomei mwanao. Unaandika "pumzika kwa amani", unasubiri orodha ya mwakani.

Wahariri wenzangu watasema nafasi ni finyu, orodha haiwezi kueleza maisha ya mtu. Nakubali, tena sidai kurasa. Kwa mtawala, taja uamuzi mmoja ambao bado unatugusa, mzuri au mbaya. Kwa mwandishi, taja kitabu kimoja cha kuanzia.

Na kama hata hapo nafasi haitoshi, tuhesabu pamoja. "Ameacha pengo lisilozibika" ni maneno matatu. Rosa Mistika ni mawili.