Kingo za Lingadzi na Neno "Huenda"

Mito ya Lilongwe na Lingadzi hupita ndani ya mji mkuu wa Malawi, na katika mitaa kama Mtandire watu wamejenga karibu mno na maji. Sisi wa Dzaleka, wilayani Dowa, tusidhani jambo hili halituhusu. Wengi wetu tuna jamaa na shughuli huko mjini.

Wakazi huuliza: ukingo utaporomoka lini? Hakuna awezaye kuitaja siku. Panapojulikana ni mahali: upande wa nje wa kona, ambako mkondo hupiga kwa nguvu, palipochimbwa mchanga, palipolimwa hadi majini, mizizi ya matete ikang'olewa. Yajulikana pia kwamba ukingo mara nyingi huanguka mto ukiwa tayari unashuka, kwani udongo ulioshiba maji ni mzito, nao umekosa maji ya kuuegemeza. Arudiye nyumbani kwa kuwa mto umepungua huenda anarudi katika saa mbaya kuliko zote. Mvua ijayo na uimara wa udongo wa chini hubaki mambo ya kukadiriwa.

Ndiyo sababu mtaalamu mkweli husema "huenda". Wanafunzi wangu hulidharau neno hilo, wakidhani ni la mtu asiyejua. Mimi nalitetea. Pengine, huenda, yamkini, bila shaka: kila moja lina uzito wake, na matangazo ya hatari yangepaswa kuutumia uzito huo badala ya kungoja hakika. Hakika hupatikana nyumba ikiwa imekwisha kuingia mtoni.

Wapo wasemao kwamba tahadhari isiyotimia huwafanya watu waipuuze ijayo. Wana haki kwa kiasi fulani. Machi 2023, Kimbunga Freddy kiliua watu zaidi ya 600 nchini humu, hasa kusini, ilhali tahadhari zilikuwa zimetangazwa. Lakini asiyehama si lazima awe mkaidi. Ahamaye hupoteza kibarua, na mlango wake huachiwa wezi. Gharama hiyo isibebwe na maskini peke yao: Halmashauri ya Jiji la Lilongwe iandae mahali pa kulala na walinzi wa nyumba zilizoachwa, tena kabla ya mvua za Novemba.

Vilevile vipigwe vigingi kutoka ukingoni hadi kwenye nyumba, ili baada ya kila mvua kubwa wakazi wenyewe wahesabu hatua zilizosalia. Kigingi hakihitaji umeme wala intaneti, na mtoto wa darasa la tatu aweza kukisoma.