Amani Hujengwa Kabla ya Siku ya Kura



Wapenzi wasomaji, juma hili twaligusa jambo ambalo wengi hulidhania kuwa ni la wanasiasa na askari peke yao: namna ya kuizuia fitina pale nchi inapobadilisha uongozi au mfumo wake wa utawala. Tumelileta katika ukurasa wa familia kwa sababu fitina ikishawaka, nyumba ndiyo huungua mwanzo. Mama ndiye afungaye mizigo usiku, na mtoto ndiye akosaye shule.

Sisi wa Kenya hatuhitaji kuhadithiwa. Agosti 1997 watu wenye silaha walikivamia kituo cha polisi cha Likoni, na katika machafuko yaliyofuata watu wasiopungua 100 waliuawa. Maelfu, wengi wao wenye asili ya bara, walizihama nyumba zao. Miaka 10 baadaye, baada ya uchaguzi wa Disemba 2007, zaidi ya watu 1,100 walipoteza maisha, na laki kadhaa wakawa wakimbizi ndani ya nchi yao wenyewe. Mapatano yaliyosimamiwa na Kofi Annan yalitiwa saini tarehe 28 Februari 2008, na kutokana na njia hiyo tukapata Katiba mpya tarehe 27 Agosti 2010. Katiba hiyo ndiyo iliyozizaa kaunti 47, ya kwetu Taita Taveta ikiwa mojawapo.

Ugatuzi ulikusudiwa kuyasogeza madaraka karibu na mwananchi, na umeyasogeza. Lakini madaraka yakisogea, ugomvi nao husogea. Zamani watu waligombea Nairobi. Leo wagombea makao ya kaunti Mwatate, wadi, kisima na kizuizi cha ushuru. Mwaka 2019 gavana wa wakati ule, Granton Samboja, na wawakilishi wa wadi walivutana juu ya bajeti hata gavana akaanza kukusanya saini ili serikali ya kaunti ivunjwe, nao wawakilishi wakapiga kura ya kumwondoa. Jambo likafika Seneti, na gavana akabaki kazini. Kila mtu ana maoni yake juu ya nani alikuwa na haki. Lenye mafunzo kwetu ni kwamba ugomvi ule mkubwa uliamuliwa na taasisi zenye sheria, wala haukuamuliwa kwa mapanga.

Hata hivyo, zipo nyufa ambazo bado hazijazibwa. Ya kwanza ni mpaka. Mji wa Mackinnon Road, ambao wasafiri wengi wa njia ya Mombasa huujua kwa msikiti na kaburi la Sayyid Baghali kando ya reli, umekuwa ukigombewa baina ya kaunti yetu na Kwale. Katiba, katika kifungu cha 188, imeweka njia: tume huru ichunguze na kupendekeza, kisha Bunge la Taifa na Seneti zipitishe kwa thuluthi mbili. Njia hiyo ni ndefu, nasi twajua kuwa urefu wake huwakera wengi. Lakini yeyote awaambiaye vijana kwamba mpaka hubadilishwa kwa mawe anawadanganya, na wakiumia hatakuwapo kuwauguza.

Ufa wa pili ni ardhi. Hifadhi za Tsavo zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti hii. Ukiondoa pia mashamba makubwa ya mkonge na ranchi, kinachosalia kwa mkulima wa kawaida ni kidogo. Katika udogo huo ndimo mkulima wa Sagalla au Kasigau anamokutana na ngamia waliokuja kutafuta malisho wakati wa ukame. Shamba likiliwa usiku mmoja, jasho la msimu mzima limekwenda. Ngamia akikatwa kwa panga, mali ya familia nzima imekwenda.

Hapa ndipo sisi Waislamu wa Voi na vitongoji vyake tunapotiwa katika mizani. Wengi wa wafugaji hao ni ndugu zetu wa dini, twasimama nao safu moja msikitini. Wengi wa wakulima ni majirani zetu, na baadhi yao ni wajomba na mashangazi zetu wa damu wasiokuwa Waislamu. Katika majira ya siasa ni rahisi mno kwa mwenye kutafuta kura kuligeuza suala la malisho likawa suala la dini au la kabila. Tukinyamaza kwa kuwa mkosaji ni wa kwetu, tutakuwa tumemsaidia. Qur'ani, katika Suratun-Nisaa, imetuamuru tusimamie uadilifu hata kama ushahidi utatuelemea sisi wenyewe, wazazi wetu au jamaa zetu. Basi shamba la jirani likiliwa, Muislamu awe wa kwanza kusema kwamba fidia ni haki. Na mfugaji akipigwa bila kosa, awe wa kwanza kumtetea.

Je, mwanamke wa nyumbani ana lipi la kufanya katika mambo mazito kama haya? Na tutazame Wajir. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za huko zilikuwa zikiuana. Wanawake wachache, akiwamo Bi. Dekha Ibrahim Abdi, hawakungoja mkutano wa wakubwa. Walianzia sokoni, wakahakikisha kwamba mwanamke wa ukoo wowote anaweza kuuza na kununua bila ya kufukuzwa. Kisha wakawaendea wazee, wazee wakakutana, na koo zikaafikiana. Kamati ya amani iliyotokana na juhudi zile ikawa kielelezo kwa wilaya nyingine za Kenya. Machafuko yalipozuka baada ya uchaguzi wa 2007, Bi. Dekha alikuwa miongoni mwa raia waliojikusanya mara moja kutafuta suluhu. Alifariki mwaka 2011. Mwenyezi Mungu amrehemu.

Wala si jambo geni katika dini yetu. Mwaka wa 6 Hijria, baada ya mkataba wa Hudaybiya, Masahaba walihuzunika kwa kuwa walitakiwa kurudi bila ya kufanya Umra. Walipoamrishwa kuchinja na kunyoa, hawakuinuka. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alimweleza mkewe Ummu Salama, naye akamshauri atoke asiseme na mtu, achinje mnyama wake na kunyoa kichwa chake. Alipofanya hivyo, watu wote wakainuka na kumfuata. Mkataba ulioonekana mchungu ukawa mlango wa kheri, na shauri la mwanamke mmoja liliondosha mfarakano.

Uchaguzi mwingine ni Agosti 2027, na kazi ya amani haianzi wiki ya kampeni. Dada zangu, habari ya chuki ikiingia katika simu yako, isimame hapo hapo. Suratul-Hujuraat imetuamrisha kuzichunguza habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Muulize kijana wako ni nani ampaye pesa za kwenda mkutanoni, na kwa kazi gani. Katika soko la Voi, nunua kwa jirani wa kabila jingine mwaka mzima, usimsubiri mpatanishi akufundishe jina lake. Vikundi vyetu vya akina mama viombe nafasi katika kamati za amani za mitaa, wala tusiridhike kuitwa kupika chai tu wakati wazee wanapopatana.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Nasi tumekwisha kuona gharama ya ukuta huo Likoni na Bonde la Ufa. Ufa wa Sagalla na wa Mackinnon Road bado waweza kuzibwa kwa udongo wa kiganja.

Ewe Mola, zipatanishe nyoyo zetu, na uwajaalie viongozi wetu uadilifu. Aamin.

Wabillahi tawfiq.