Marejeo Ni Ngamani: Kuiandaa Droni Irudi Salama

Safu ya Zana na Maarifa

Toleo lililopita niliahidi kuandika juu ya kamera za simu. Naomba ahadi hiyo isubiri kidogo. Kisa cha droni kilichotupata ufukweni mwezi wa Novemba kimeulizwa mno, darasani na kwenye kundi letu la WhatsApp, na kila anayekisimulia anaongeza chumvi yake. Afadhali nikieleze mimi mwenyewe, kwa sababu rimoti ilikuwa mikononi mwangu.

Kwanza neno lenyewe. Najua kuna mwalimu wetu anayependa tuseme "ndege nyuki", na kuna wanaosema "ndege isiyo na rubani". Mimi leo nitasema droni, ili nisiimalize nafasi yangu yote kwa majina. Mwalimu, nisamehe.

Ilikuwa hivi. Klabu ilikwenda ufukweni, kaskazini kidogo ya Aberdeen, kurekodi video ya wanachama wakighani mashairi yao. Ndugu yetu mmoja alituazima droni yake, aliyoinunua kwa mshahara wa likizo nzima ya kubeba maboksi ghalani. Alinikabidhi mimi kwa kuwa ndiye niliyewahi kurusha. Siku ilikuwa nzuri kwa macho: jua, mbingu nyeupe, na upepo ambao pale tuliposimama, chini ya jabali, haukutikisa hata ushungi wa dada zetu. Baridi ilikuwa nyuzi nne hivi.

Niliirusha droni ikaenda baharini kuwachukua wasomaji kwa mbali, mawimbi yakiwa mbele na jabali nyuma yao. Ilikwenda haraka ajabu. Nilijisifu kimoyomoyo. Simu iliyofungwa kwenye rimoti ikaanza kulia, na mlio ukamkatiza mwenzetu katikati ya ubeti. Nikaizima sauti. Hilo lilikuwa kosa la kwanza. Baadaye kidogo maandishi yakatokea kwenye skrini: betri imefika asilimia 25, droni itaanza kurudi yenyewe. Nikabonyeza kufuta, kwa sababu nilitaka sekunde chache tu za picha. Hilo lilikuwa la pili. Ilipofika asilimia 22 nikashtuka, nikabonyeza kitufe cha kurudi nyumbani, nikashusha pumzi. Nilidhani kazi imekwisha.

Droni haikuja. Ilipanda. Ikapanda mpaka mita 100 kwenda juu, ndipo ikageuza uso kuelekea kwetu na kuanza kuja, lakini kwa mwendo wa mtu atembeaye na mzigo. Ilikuwa umbali wa mita 450, nukta tu mbele ya macho. Dakika moja nzima ikapita, imesogea mita 120. Betri asilimia 16.

Dada mmoja wa mwaka wa tatu, baba yake ni mvuvi kule Pemba, alikuwa akitazama skrini begani kwangu. Akasema, "Kaka, huko juu kuna upepo. Ishushe!" Nikaufuta ule mwendo wa kurudi wenyewe, nikaishusha mpaka karibu mita 20 juu ya maji huku nikiisukuma mbele. Mwendo ukaongezeka zaidi ya mara mbili. Ilifika juu ya mchanga ikiwa na asilimia 10, na hapo hapo ikaanza kutua yenyewe, bila kuniuliza, mahali ambapo mama mmoja alikuwa akicheza na mtoto na mbwa wao. Nikasukuma kijiti mbele kwa nguvu, ikateremka huku ikisogea, ikaangukia kwenye rundo la mwani. Haikuvunjika kitu. Lakini panga nne zinazozunguka, na mtoto wa miaka mitatu hatua chache tu kando: picha hiyo ilininyima usingizi usiku ule.

Sasa tuangalie nini kilikosewa, maana karibu yote yangeweza kuzuiwa kwa dakika tano za kuandaa kabla ya kuruka.

Tuanze na neno "nyumbani". Kwa droni, nyumbani si kwa mwenyewe wala si kwenye rimoti. Ni nukta iliyoandikwa kwenye kumbukumbu yake pale ilipoanza kuruka, baada ya kupata setilaiti za kutosha. Ukiiwasha ukairusha kwa pupa kabla haijapata setilaiti, huenda haina nyumbani kabisa, au ina nyumbani pasipo sahihi. Kwa hiyo subiri mpaka skrini ikuambie kwamba nukta imeandikwa, kisha itazame kwenye ramani uhakikishe ni hapo uliposimama. Na ukihama, kwa mfano umetembea ufukweni nusu kilomita huku ukirusha, ingia kwenye mipangilio uibadilishe nukta iwe mahali ulipo sasa. Anayerusha akiwa juu ya mashua ajihadhari zaidi: mashua inasogea, nukta haisogei. Droni itarudi kwa uaminifu mkubwa na kutua majini, pale mashua ilipokuwa.

Droni nyingi hurudi kwa sababu tatu. Ya kwanza ni wewe kubonyeza kitufe. Ya pili ni betri kupungua hadi kiwango ambacho kompyuta yake inaona kinatosha safari ya kurudi tu. Ya tatu ni kukatika kwa mawasiliano na rimoti. Kwa hii ya tatu, mipangilio ya droni nyingi inakupa uchaguzi: irudi, ielee hapo hapo, au itue. Mahali pa wazi chagua irudi. Lakini ukiwa chini ya daraja, ndani ya ukumbi au chini ya miti iliyosongamana, kurudi maana yake ni kupanda kwanza, na kupanda maana yake ni kugonga kilichopo juu. Hapo afadhali ielee.

Hilo linatuleta kwenye kimo cha kurudi, kosa langu la tatu na baya kuliko yote, kwa sababu nililifanya kabla hata hatujatoka garini. Droni ikiamriwa kurudi ikiwa chini ya kimo kilichowekwa, hupanda kwanza mpaka kimo hicho, ndipo ije moja kwa moja. Sababu ni njema: isigonge miti na majengo njiani. Ndugu yetu alikuwa ameiweka mita 100 kwa sababu mara ya mwisho aliirusha mjini, penye majengo marefu. Mimi sikuangalia. Baharini hakuna jengo hata moja, na kimo kile kiliipeleka droni mahali pa upepo mkali bila faida yoyote.

Kanuni ninayoifuata sasa ni rahisi. Tazama pande zote, tafuta kitu kirefu kuliko vyote kati ya wewe na unakokwenda, ongeza mita 10 hadi 20, weka hapo. Kumbuka kwamba kimo hicho hupimwa kuanzia uliporushia. Ukirushia chini ya jabali la mita 40 lenye nguzo za umeme juu yake, hesabu jabali na nguzo pia. Wala usitegemee vihisi vya kukwepa vizuizi: waya mwembamba na matawi makavu huvipita, na gizani vihisi vingi vya kamera havioni kitu. Kikomo cha juu kisheria hapa Uingereza ni mita 120 kutoka ardhini, na droni lazima uione kwa macho yako wakati wote. Nakiri kwamba nukta niliyoiona mita 450 mbele haikuwa "kuona" kwa maana iliyokusudiwa na sheria.

Sasa upepo na betri, ambavyo havitenganishiki. Pwani hii ya mashariki ya Uskoti mara nyingi hupata upepo kutoka magharibi, yaani kutoka nchi kavu kwenda baharini. Wavuvi wetu wa ngalawa wanaujua upepo wa namna hiyo: hutoka nao alfajiri, na mchana hurudi na upepo wa bahari. Droni haina subira ya kungoja upepo ugeuke. Inakwenda kwa kusukumwa na inarudi kwa kupigana, na betri yote ni moja.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Droni ile ilikuwa ikirudi kwa mwendo wa mita 10 kwa sekunde hewani. Kule juu upepo ulikuwa kama mita 8 kwa sekunde. Kumi toa nane ni mbili. Mita 450 kwa mwendo wa mita 2 ni sekunde 225, karibu dakika nne. Betri ile inadumu kama dakika 25, yaani asilimia 4 kila dakika. Safari ya kurudi peke yake ingekula asilimia 15 au 16, na kupanda kulikuwa kumekwisha kula mbili. Kutoka asilimia 22, ingefikia asilimia 10 na kuanza kutua ikiwa bado juu ya maji. Karibu na uso wa bahari upepo ulikuwa kama mita 5. Kumi toa tano ni tano. Safari ile ile ingekuwa sekunde 90. Dada yetu hakupiga hesabu hii. Aliijua kwa kuishi.

Kwa hiyo, asilimia ya betri si umbali. Kompyuta ya droni hukadiria kinachohitajika kurudi, lakini hadi leo sijaona inayojua upepo utakaoikuta ikipanda. Penye upepo, anza safari kwa kwenda kinyume chake, ili wakati wa kurudi ukusukume. Kama picha inakulazimu kwenda na upepo, basi usiende mbali, na geuka mapema.

Maonyo ya betri kwa kawaida ni mawili. La kwanza ni la kukutahadharisha, na kwenye droni nyingi unaweza kuliweka mwenyewe. Nchi kavu siku tulivu asilimia 30 inanitosha. Juu ya maji au wakati wa baridi naweka 35, hata 40. Onyo la pili ni la hatari, mara nyingi kwenye asilimia 10, na hilo halina mjadala: droni inatua popote ilipo, iwe mwambani, barabarani au juu ya watu. Ikifikia hapo, wengi hawajui kwamba vijiti bado vinafanya kazi na unaweza kuisogeza pembeni inapoteremka. Ndiko kulikomwokoa mtoto yule. Kutegemea hilo, hata hivyo, ni kucheza kamari.

Na sauti ya onyo isizimwe kamwe. Kama inaharibu rekodi, kinasa sauti kiwekwe mbali na mrushaji, au mtu mwingine apewe kazi moja tu: kusoma asilimia kwa sauti kila dakika.

Baridi nayo ina hila zake. Betri za lithiamu zikiwa baridi, kemia ya ndani hupungua kasi, na ukizidai nguvu nyingi kwa ghafla volti huporomoka. Utaona asilimia 40, kisha 25, bila kuelewa katikati pamepita nini. Zibebe kwenye mfuko wa ndani wa koti mpaka wakati wa kuruka. Ukisharusha, iache droni ielee mita mbili au tatu juu kwa dakika nzima ipate joto, ndipo uende. Betri iliyovimba usiitumie hata kama "bado inashika chaji".

Kwa wanaofikiria kupeleka droni nyumbani likizo: betri huenda kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye sanduku la chini ya ndege. Na kabla ya kukata tiketi, omba kibali. Kenya na Tanzania zote mbili zina taratibu za vibali kupitia mamlaka zao za usafiri wa anga, KCAA na TCAA, na kuingia na droni bila kibali ni kuitafutia kabati la forodhani. Usione wanaoruka mitandaoni ukadhani hawakuomba.

Tumekubaliana na mwenyekiti kwamba droni haitarushwa tena kwenye shughuli ya klabu mpaka maswali haya yajibiwe kwa sauti mbele ya mtu wa pili:

1. Nukta ya nyumbani imeandikwa, na ni hapa tuliposimama?
2. Kimo cha kurudi ni mita ngapi, na ni kwa ajili ya kizuizi gani?
3. Mawasiliano yakikatika, droni itafanya nini?
4. Onyo la betri liko asilimia ngapi, na sauti imewashwa?
5. Upepo unatoka wapi, na tutarudi nao au dhidi yake?
6. Ikibidi itue ghafla, ni wapi pasipo na watu?

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Walikuwa wakisema juu ya chombo cha baharini, lakini hata huyu mdogo wa plastiki ana ngama yake, na ni kazi yetu kumwonyesha ilipo kabla hajaondoka.

Mwenye droni ameniambia hana kinyongo. Lakini nimeona kwamba sasa akiniazima hata kalamu, anaangalia kwanza kama ina wino. Ana haki.

Toleo lijalo, tukijaaliwa, kamera za simu. Wasalaam.